Shangazi Asinizoee

Houston, 3 Julai 2005

Mimi ni mtu wa bahati, na nisiposema mwenyewe nani atanisemea? Katika Houston hii nzima, na msiniulize nimeipima vipi, hakuna aliyebahatika kama Mwita. Bahati nasibu ya viza niliishinda mara ya kwanza tu, wakati watu wenye digrii zao wanatuma picha kila mwaka hadi kipara kinawakuta kwenye picha. Nimepika melini Mombasa hadi Durban hadi Dubai, na dhoruba zilikuwa zikisubiri nishuke ndiyo zianze. Jambo baya likiniona kwa mbali huvuka barabara.

Shule niliiachia darasa la saba, kwa hiyo mkiona kosa humu ndani ni la mwalimu. Naandika kwa sababu dada yangu Everline, aliye nesi kule Lewisville, analalamika kwamba mapacha wake hawana cha kusoma kwa Kiswahili ila nyimbo za kanisani. Nikamwambia, niachie mimi. Dedan na Celestine, chenu ni hiki. Mjomba wenu anafanya kazi na mnyama ambaye zamani watu walidhani ameisha duniani.

5 Julai

Ni sili wa manyoya. Mchukueni mbwa, mng'oeni miguu, mpeni mapezi manne, masharubu ya babu na masikio madogo kama maharagwe. Halafu mvisheni makoti mawili ya manyoya. La juu ni gumu. La ndani ni laini na zito hata maji ya bahari hayafiki kwenye ngozi.

Hilo koti ndilo lililowaponza. Wawindaji walikuja na meli, wakawapiga marungu ufukweni, manyoya wakawauzia matajiri, hadi ikasemwa basi, wamekwisha. Kumbe wachache walikuwa wamebaki kwenye kisiwa kimoja cha Meksiko kiitwacho Guadalupe, wengine ndani ya mapango. Walio hai leo wote ni wajukuu wa wale waliojificha. Sheria sasa inawalinda.

Wetu ni msichana wa mwaka mmoja. Alikutwa pwani ya California amekonda, kipande cha wavu kimemkaba shingo. Vituo vya kule vilikuwa vimejaa, akaletwa kwetu. Kituo chetu ni kidogo, kiko kusini mwa mji karibu na ghuba: tunatibu wanyama wa bahari na kuwarudisha kwao. Mimi ni mpishi wao asiyepika, maana samaki wanaliwa wabichi. Pia nasugua mabwawa na kuendesha lori.

9 Julai

Leo nimekanywa tena. Mkubwa wetu ni Daktari Hollis, mama mrefu mwenye sauti ya chini, na sheria yake ni kwamba karibu na huyu sili hakuna kuongea. Hakuna mluzi, hakuna jina. Samaki unamrusha ukiwa nyuma ya ubao asiuone mkono wako.

"Akituzoea, Mwita, atafuata mashua za watu. Siku moja atafuata mashua mbaya. Kwa hiyo akituzoea harudi baharini. Atakaa kwenye tangi maisha yake yote."

Mimi nimelelewa kwamba ukipita kwenye boma la mtu bila kusalimia, wewe ni mchawi. Wiki ya kwanza koo liliniuma kwa kumeza salamu. Jina nimempa kimoyomoyo: Shangazi. Nikisugua bwawa anakaa pembeni, masharubu juu, ananung'unika kwamba nimeruka kona.

14 Julai

Joto. Shangazi ameongeza uzito. Mimi pia.

2 Agosti

Hakuna jipya. Nimesalimia ngisi kwenye ndoo, kwa kuwa hao hawajakatazwa.

29 Agosti

Kimbunga kimeipiga New Orleans. Televisheni inaonyesha watu juu ya paa. Nimezima, nikawasha tena, nikazima.

Kanisani nyuma yangu hukaa Mama Apolonia, Mkongomani wa Uvira, anayefungasha maboksi kwenye bohari. Leo aliniuliza, "Papa Mwita, ile maji itatufikia na sisi?"

"Mama, umekaa karibu na mimi," nikamwambia. "Lala usingizi."

Celestine naye kapiga simu kuuliza hilohilo. Nimemjibu vilevile. Baadaye nilikwenda kuangalia ghuba. Ilikuwa imetulia kama sakafu. Sikuipenda.

20 Septemba

Kinakuja kingine. Wamekipa jina Rita, jina la mwalimu wa chekechea, lakini kwenye ramani kimejaa ghuba nzima, nacho kinatutazama sisi.

Daktari amegawa kazi. Yeye anatangulia na kasa. Sili anakuja na mimi kwenye lori hadi Mesquite, upande wa Dallas, ambako bohari moja la samaki limekubali kutupa chumba baridi na tangi. Akanishika bega. "Kivuli. Maji kwenye mapezi. Chakula hakuna njiani. Hali ikiwa mbaya, nipigie. Umesikia?"

"Daktari, mimi nimevuka Bahari ya Hindi."

"Sijakuuliza hilo," akasema.

Mama Apolonia hana gari wala ndugu hapa. Sheria ya lori inasema hakuna abiria. Sheria haimjui Mama Apolonia. Amekuja na biblia, beseni la plastiki na mfuko uliofungwa mafundo matatu.

22 Septemba, barabara ya 45, kabla ya Conroe

Naandika nikiegemeza daftari kwenye usukani, maana usukani hauna kazi nyingine. Tangu jana tumesogea kidogo kiasi kwamba kinyozi mmoja, kazi yake imeandikwa kwenye gari, namwona mbele yangu tangu alipokuwa mgeni, sasa ni jirani. Houston yote imo barabarani: magari yenye magodoro juu, farasi kwenye trela, babu kwenye kochi nyuma ya pikapu. Kila mtu amezima kipoza hewa kubana mafuta. Wengine wanasukuma magari kwa mikono. Redio inasema kimbunga ni kikubwa mno na tusirudi nyuma. Nyuma yetu anga ni buluu tupu, na hilo ndilo linalonitisha. Afadhali ningeona wingu nikalitukana.

Shangazi yuko nyuma kwenye kizimba, chini ya turubai. Anahema mdomo wazi. Sili wa manyoya hakuumbiwa joto la Texas, na yale makoti mawili hayavuliki. Simu ya Daktari haiingii. Hakuna simu inayoingia.

Nilikuwa na mapipa matatu ya maji. Nilipanda nyuma nikammwagia mgongoni ndoo juu ya ndoo, kama ninavyoosha lori. Maji yakateleza kwenye manyoya, yakatoka chini ya kizimba, yakakauka kwenye lami. Akaendelea kuhema. Nikamwaga tena. Pipa la pili lilikuwa limekwisha ndipo nikamwona anainua pezi moja hewani, analipepea polepole, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini.

Pezi halina manyoya! Joto lake linatokea pale. Daktari alisema mapezi, mimi nikasikia maji. Nilikuwa namwagilia mwavuli.

Pipa lililobaki sasa nalilinda kama mahari ya binti: nalowesha matambara, nayafunika mapezi, nayageuza. Na nilipokuwa nimeinama pale karibu na uso wake, neno likaniponyoka. "Pole, Shangazi."

Akageuza kichwa akanitazama.

Basi, moja ikishatoka zinafuata zote. Nilimpa salamu za miezi yote niliyonyamaza. Nikamwuliza habari za Guadalupe. Nikamweleza Mombasa, nikamweleza mke aliyeniacha, nikamwambia usife, nisikilize mimi, usife. Alitulia akinisikiliza, na kila niliponyamaza alianza kuhangaika. Nilijua ninachofanya. Niliendelea.

23 Septemba, asubuhi, tumepita Conroe kidogo

Hapa sitanii, watoto.

Nilimwachia Mama Apolonia zamu, nikaenda kutafuta maji kwenye kituo cha mafuta. Kimefungwa, rafu tupu, hata soda ya chungwa hakuna. Niliporudi nilimkuta anajifuta mikono kwenye kitenge, uso una furaha.

"Papa, nilimupatia chakula. Alikuwa analia kama mutoto."

"Chakula gani, Mama?"

"Ndagala. Ya kwetu Uvira, ile dada yangu alituma. Amekula yote! Na mufuko alitaka kula."

Ndagala ni dagaa wakavu. Hawa walikuwa wametiwa chumvi hadi wanang'aa. Kwao mgeni hakai na njaa mbele ya mtu mwenye chakula. Kwetu pia. Ningekuwa na mfuko ule ningempa mimi, na ningejisifu humu. Lakini sili hana kisima baharini. Maji yake anayapata ndani ya samaki mbichi. Ukimpa mkavu wenye chumvi, unamkausha kutoka tumboni.

Nilipomweleza, Mama Apolonia alikaa chini kwenye lami. "Nimemuua," akasema. "Papa, nimemuua munyama wa watu."

"Hajafa."

"Atakufa?"

"Mama, uko na mimi," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kuku.

Daktari alinifundisha kitu kimoja: sili mzima hutoa machozi wakati wote, na chini ya jicho lake kuna duara la maji lisilokauka. Duara likikauka, sili amekauka. Nilitazama. La kushoto lilikuwa limebaki ukingo. La kulia halikuwepo. Na kunung'unika alikuwa ameacha.

Nilipiga simu hadi kidole kikafa ganzi. Kwa Daktari hapana. Kwa Everline, Lewisville, ikaingia. Dada yenu, yaani mama yenu, hakupiga kelele. Nikamtajia namba, akachukua simu ya pili akampigia Daktari Mesquite, akawa anasikiliza huku anasema huku.

"Anasema barafu. Ya maji matamu. Vipande vidogo mbele ya mdomo, atatafuna. Mapezi uyalaze juu ya barafu. Mwita, unayo barafu?"

"Ninayo," nikasema.

"Huna."

"Sina."

"Tafuta. Na anasema usiongee naye."

Nikakata simu.

Mama Apolonia alikuwa amesikia neno moja tu, barafu, na lilimtosha. Alisimama, akajitwika beseni, akaingia katikati ya magari. Kiingereza chake ni maneno ya bohari, lakini aliyapanga. "Ice for baby! Ice, please! Baby!" Niliona vioo vikishuka. Familia ya Wameksiko ilifungua sanduku lao, wakatoa barafu, wakabakisha soda zielee. Kinyozi akatoa ya kwake. Babu wa kochi akateremka na mfuko mzima, akitaka amwone mtoto mwenyewe. Nikainua turubai. Akakuta masharubu.

Nilidhani atachukua mfuko wake. Alivua kofia, akatazama, akauliza, "Atapona?" Nikamwambia sijui. Akarudi kwenye pikapu kuleta mfuko wa pili.

Tulilaza mapezi juu ya barafu. Vipande vidogo nikaviweka mbele ya mdomo wake. Hakugusa. Mama Apolonia alikuwa anaomba kwa Kifuliiru, mimi kwa Kikuria, na yeyote aliyekuwa anasikiliza alihitaji mkalimani. Nikasema, "Shangazi, kona ile sikuiruka, nilisugua, wewe ndiye huoni." Akafumbua jicho. Akalamba. Akatafuna, kru, kru, sauti ya mtu anayekula mfupa wa kuku bila haya.

Muda mfupi baadaye magari yakaanza kusogea. Polisi walikuwa wamefungua na upande wa kurudi mjini ili nasi tuutumie.

24 Septemba, Mesquite

Tumefika. Kimbunga kimepinda mashariki, kimetua mpakani na Louisiana. Huko kuna watu wanalia leo. Houston imesimama.

Daktari hajanisemesha. Amemwekea Shangazi maji kwa mpira hadi tumboni. Duara la kushoto limerudi.

25 Septemba

La kulia limerudi. Nimelia chooni. Msimwambie mama yenu.

28 Septemba

Leo nilipitia mlangoni nikikohoa, kikohozi tu, na Shangazi akatoka majini, akaja mbio kwa mapezi yake manne hadi kwenye wavu, shingo imenyooka, akinitafuta. Daktari alikuwa amesimama pale.

"Ulimsemesha."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hadi Corsicana. Njia karibu yote."

Alivua miwani akajifuta macho. Katikati ya Oktoba watakuja watu wa serikali kumkagua. Akimfuata mtu, basi, tangi. Sili wa kizazi cha wale wa mapangoni, asizae, asirudi, watoto wa shule wampigie kioo. "Na kosa si la Mama yule wa dagaa," akasema. "Dagaa tumewatoa. Wewe ndiye tunayepaswa kumtoa."

2 Oktoba

Dawa yenyewe ni hii: aniogope. Yaani mimi nimtie hofu. Watu wengine hawafai, kwa sababu sauti anayoijua ni yangu. Naingia na vifuniko viwili vya sufuria, navigonga, napiga kelele na kumfukuza hadi majini. Kila siku. Asiwe na mahali pa kuniamini.

Leo ya kwanza. Niliingia, nikainua vifuniko. Alikuja. Nikavishusha.

Daktari alisema, "Kesho tena."

3 Oktoba

Niligonga. Alirudi nyuma hatua moja, akanung'unika, halafu akaja akavinusa vifuniko.

5 Oktoba

Niligonga nikapiga kelele kwa Kikuria, maneno ambayo nilitukanwa nayo na baba. Aliruka majini. Alikaa chini muda mrefu hadi nikaogopa. Alipoibuka alikuwa upande wa mbali, macho makubwa. Sijala.

8 Oktoba

Everline amewaleta mapacha Mesquite. Daktari aliwaruhusu kumwona kwenye skrini ya kamera tu, chumba cha pili. Celestine huniuliza kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Kwa nini unampigia kelele? Si unampenda?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Dedan akamjibu badala yangu, "Ili awe anakimbia." Celestine akasema huo ni ujinga. Sikumkatalia.

12 Oktoba

Anakimbia kabla sijagonga. Anakimbia akisikia viatu vyangu.

15 Oktoba

Wakaguzi wawili. Waliniweka mlangoni, wakaniambia nimwite kwa upole kabisa, kama zamani. Nilisema, "Shangazi." Nilisema tena. Nilimwuliza habari za Guadalupe.

Alipanda ukingo wa mbali, akafungua mdomo, akanionyesha meno yote, kisha akajitupa majini asitoke tena.

Wameandika: anafaa kurudi. Daktari alinipa mkono. Mama Apolonia, ambaye sasa ana kazi kwenye bohari hilihili na chumba kwa Wakongomani wenzake, amepika sombe, yaani kisamvu, kunipongeza. Nimekula kijiko kimoja. Ninaendelea kuuona ule mdomo.

22 Oktoba

Amepelekwa kwa ndege hadi California. Walimwachia mbali na pwani, kutoka mashuani. Mgongoni wamembandikia kifaa kidogo kinachotuma habari kwenye setilaiti kila anapoibuka. Daktari anasema hakutazama nyuma hata mara moja. Nikasema safi sana, ndivyo nilivyomfunza. Nikasema kwa kelele.

27 Oktoba

Nukta kwenye ramani inaelekea kusini. Guadalupe iko kusini.

3 Novemba

Kusini. Dedan amebandika ramani ukutani kwao, anachoma pini.

9 Novemba

Kuna dhoruba baharini upande ule. Nukta imesimama. Tumekaa mbele ya kompyuta kama watu wa hospitali.

10 Novemba

Nukta imesogea! Nimemnunulia kila mtu kahawa, hata dereva wa taka.

17 Novemba

Hakuna nukta tangu jana.

18 Novemba

Hakuna.

21 Novemba

Hakuna. Daktari anasema betri huweza kufa, antena huvunjika kwenye mawe, mambo hayo ni ya kawaida. Nikamwuliza, na kama si betri? Akasema kuna papa. Kuna nyavu, kama ule wavu wa kwanza. Kuna mashua.

"Mashua ataikimbia," nikasema.

"Natumaini," akasema. "Ulifanya kazi nzuri."

25 Novemba

Hakuna. Naogopa kufungua kompyuta na naogopa kutofungua.

30 Novemba

Leo kwa kalenda msimu wa vimbunga umekwisha. Nimerudi Houston. Bwawa lake ni kavu, nimelisugua, kona zote.

Celestine amepiga simu. Amesema Dedan hataki kutoa pini ya mwisho ukutani, na mama yake amemwambia aniulize mimi. Amejitahidi leo, amesema kwa Kiswahili, polepole, kama anavuka mto kwa mawe. "Mjomba. Shangazi yuko sawa. Si ndiyo? Kwa sababu wewe uko na bahati."



Nikamwambia sijui. Huenda yuko kisiwani sasa hivi analala kwenye mawe, huenda hayupo. Hakuna atakayetuambia.

"Lakini bahati yako?"

Sina, Celestine. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo. Nilichoandika siku ya kwanza kilikuwa uongo.